Harufu ya klachi ukipandisha Kimara

Dada, hiyo harufu ya kuungua unayoisikia ukipandisha Kimara jioni ni pleti ya klachi, na inatokana na hicho ulichoeleza: kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi, yaani pedali ya klachi umeiachia nusu tu. Acha kabisa. Ukiwa nusu klachi, pleti inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, bila kushika vizuri. Joto linapanda na pleti inalika. Kazi ya kushikilia gari ni ya breki. Vuta breki ya mkono, ingiza namba 1, achia klachi taratibu mpaka uhisi gari linataka kwenda na mlio wa injini unashuka, ongeza mafuta kidogo, ndipo ushushe breki. Ukipanda kutoka kwenye pantoni pale Magogoni, fanya vivyo hivyo.

Kwenye foleni usifukuzie kila hatua ya gari la mbele. Subiri nafasi ifunguke, ingiza namba 1, achia klachi yote, gari litambae lenyewe. Najua daladala na bodaboda watachomekea. Waache, klachi mpya ni ghali kuliko hizo mita 5. Foleni ikisimama, toa gia, toa na mguu kwenye klachi. Hata ukiwa kwenye mwendo, mguu usipumzike juu ya klachi, unamaliza beringi ya klachi.

Ukishusha gia, gusa mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi, gari halitashtuka. Na rivasi, tafadhali, ingiza gari likiwa limesimama kabisa.