Kwa jozi au kwa mwezi? Barua kwa mwanangu aliyeko Kigoma

Mwanangu,

Umeuliza ushike lipi: tajiri wako wa hapo Mwanga aendelee kukulipa shilingi 2,500 kwa kila jozi ya makubadhi, au akuajiri kwa 260,000 kwa mwezi. Chukua kalamu kwanza.

Unasema ukikaa sawa unatoa jozi 6 kwa siku. Kwa siku 26 hiyo ni 390,000, na hapo ndipo mafundi wengi wanapojidanganya. Toa siku ambazo umeme umekatika, soli hazijafika, ngozi imeisha. Tuseme ni siku 6. Zinabaki 20, yaani jozi 120, shilingi 300,000. Jozi 5 zikirudi kamba zimeng'oka, unazirudia bure, nyingine 12,500 imekwenda. Halafu gundi, uzi na visu ni vya nani? Kama unanunua wewe, hesabu hiyo inashuka tena.

Mshahara nao una mambo yake. Akikuandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, utakatwa asilimia 10 na yeye ataongeza 10: unapokea 234,000, na 52,000 inaingia kwenye akaunti yako ya mfuko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukiharibu ngozi kwa uzembe, hawezi kukukata kimyakimya: akueleze kwa maandishi, upate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Yote hayo yawe kwenye mkataba wa maandishi, baba, si ya mdomoni.

Sasa hizo jozi zinazorudi. Mara nyingi kosa liko kwenye gundi, uzi unasingiziwa tu. Ngozi ya dukani ina rangi juu. Usipoiparura kwa msasa mpaka nyuzi zionekane, gundi inashika rangi, na rangi inabanduka. Ncha za kamba zinazoingia chini ya soli ya ndani zipunguze unene kwa kisu, kama sentimita 2 za mwisho, zibaki nusu. Ukiziacha nene panabaki uvimbe, soli ya chini haikai, maji yanapita. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15, ukigusa isikunate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni. Masika ya huko kando ya ziwa yana hila: gundi inapokauka hupoza ngozi, unyevu wa hewani unatua juu, na utando huo hauonekani vizuri. Siku za mvua pasha kidogo pande zote mbili kabla ya kubandika. Na soli za PVC usizibandike kwa gundi ya njano ya kawaida. Mafuta yanayolainisha plastiki hiyo huilegeza gundi hiyo baada ya muda. Zinataka gundi ya PU, yaani ya poliuretani.

Lakini fedha ya kazi hii iko kwenye ukataji. Ngozi nyingi za kwetu zina chapa za moto, makovu ya kupe na mikato ya visu vya wachunaji. Mkataji anaigeuza upande wa nyama, anaipitisha mwangani, anaweka alama kwenye kila kasoro kabla ya kupanga ruwaza. Mgongo ni mgumu na haunyumbuki ovyo: hapo zinatoka kamba zinazobeba mguu. Tumboni panavutika, ukikata kamba hapo kiatu kinapwaya mapema. Kamba ya kulia na ya kushoto zikatwe sehemu zinazofanana, zikielekea upande mmoja, la sivyo mguu mmoja utalegea kabla ya mwenzake. Mshonaji anapatikana kila mtaa. Anayejua kutoa jozi mbili zaidi kwenye ngozi ileile ndiye tajiri hataki aondoke.

Kwa hiyo mimi ningechukua mshahara, kwa sharti moja: akuweke kwenye meza ya kukata angalau siku 2 kila wiki, na iandikwe. Akikataa, baki kwenye jozi, lakini gundi na uzi viwe vyake, na siku akikuita kazini hakuna ngozi akulipe nusu siku. Baadaye ukitaka cheti, DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kampasi yao ya Mwanza wanafundisha teknolojia ya ngozi.

Nitumie mkataba kabla hujasaini.

Mama yako,
Tabora