Waulizeni pia wanaoripoti

Swali lenu la wiki hii lauliza kama mitandao ya kijamii ina haki ya kumfungia mtu akaunti bila kumwambia kosa lake. Jibu langu ni hapana, na nalisema kwa uchungu kwa sababu yamenifika. Lakini mbona hamkuuliza ni nani huanza kubonyeza pa kuripoti? Mashine ya mtandao haikuja hapa Kibokoni, Mombasa, kunitafuta. Nilipelekwa kwake na watu ninaoamkuana nao.

Mimi napika nyumbani. Visheti, vileja, mkate wa mayai, mkate wa sinia. Ramadhani ikifika kumi la mwisho, jiko langu halizimwi. Ukurasa wangu niliujenga kwa miaka, picha moja moja, na wateja walikuwa wakiagiza kwa ujumbe humo humo. Mtandao wenyewe siutaji jina. Usiku mmoja katika lile kumi la mwisho, baada ya tarawehe, nafungua simu nakuta maandishi kwamba nimekiuka kanuni za jamii. Kanuni ipi, hawakusema. Picha ipi, hawakusema. Nikabonyeza pa kukata rufaa, nikatakiwa kitambulisho na video ya uso wangu nikigeuka kulia na kushoto, nikatuma. Jibu lilirudi kabla mume wangu hajamaliza chai yake: wamepitia upya, uamuzi ni ule ule, na hakuna rufaa nyingine.

Watu huniambia, "Si ungefungua ukurasa mwingine?" Oda zote zilikuwa ndani ya ule uliofungwa. Mwenye nyumba akikufungia duka na mali za watu zimo ndani, angalau utasimama mlangoni uwaeleze wateja. Mimi hata mlango sikuwa nao. Walioagiza walikuwa wamekwisha kulipa nusu ya bei kwa M-Pesa, na kila aliyenitafuta alikuta sipo. Mtu amepokea pesa za Idd akatoweka, wewe utamfikiria nini?

Nikakaa na binti yangu tukapitia ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Ule ujumbe ulitupa jina la aliyetuma, namba yake na kiasi. Haukutwambia ametaka vileja au visheti, wala anakaa wapi. Ikawa twakisia kwa pesa: huyu kiasi hiki huenda ni sinia kubwa, huyu labda ni nusu kilo ya vileja. Tukapiga simu. Wengine walishukuru. Wengine walikuwa wamelipiwa na jamaa zao walio Nairobi, na anayepokea simu hajui lolote kuhusu visheti. Mmoja alikata simu niliposema jina la biashara yangu.

Bi mmoja wa Likoni aliniacha nimalize maelezo yote, kisha akasema, "Mwanangu, pesa nimekusamehe kwa hishima ya mwezi huu. Lakini kwako siagizi tena." Nikamwambia nitamletea. Jioni ya kuamkia Idd nikapanda feri na sinia yake, katika ule msongamano wa watu waliobeba nguo za watoto na viatu, nimeinyanyua juu ya vichwa isigongwe. Nikaulizia nyumba hadi nikaipata. Aliipokea sinia, akanishukuru kwa adabu, na hakunikaribisha ndani. Katika mji huu, jioni ya kuamkia Idd, mtu kuachwa asimame mlangoni! Nilirudi Kisiwani nikilia kwenye feri mbele za watu. Hayo ndiyo iliyoniletea kampuni ile, na sijui hata ofisi yake iko wapi.

Baadaye mtu aliyekuwamo akanieleza. Kiungo cha ukurasa wangu kilizungushwa katika kundi la akina mama, kukaandikwa "mripotini huyu", nao wakaripoti, wengi wao hawajui ni kwa lipi. Aliyeanzisha ni mwenzangu katika biashara hii hii. Hadi leo tukikutana Marikiti ananipa mkono.

Mtasema sheria ipo. Ipo. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 47, yasema ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi, na sheria iliyotungwa 2015 kutekeleza kifungu hicho haikuishia kwa serikali tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo yampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Ulaya wana sheria yao ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inayoitaka mitandao itoe sababu inapomfungia mtu, na rufaa isiachiwe mashine tupu. Mpishi wa Lisbon anajua pa kulalamikia. Mama wa Kibokoni ataanzia mahakama gani, na wakili atamlipa kwa nini?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba wanaokaa kuhukumu machapisho ya watu hawana utu. Kisha nikakumbuka kesi za Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini aliyeifanya kazi hiyo Nairobi, aliwashtaki Meta, wenye Facebook, na Sama, kampuni iliyomwajiri, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 nao wakaenda mahakamani. Walieleza walivyoshinda wakitazama mauaji na mateso, kwa mshahara mdogo. Sisemi ni wao walionifungia. Nasema kijana aliyetoka kutazama mtu akiuawa, akiletewa ukurasa ulioripotiwa na kundi zima, sina la kumlaumu akibonyeza upesi.

Na liko jingine. Mpwa wangu alipoolewa, usiku wa kupamba simu zilikusanywa mlangoni kama ilivyo ada, lakini mmoja akaingia na yake. Asubuhi picha ya bi harusi, kichwa wazi, mabega wazi, dhahabu na asumini, iko mtandaoni kila mwanamume anaitazama. Mamake akalala kitandani hasemi na mtu. Tulifanya nini? Tuliripoti. Mashangazi, mabinamu, majirani, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu kuwahimiza. Kufikia adhuhuri picha haipo na ile akaunti imefungwa. Hakuna kati yetu aliyesema mwenye akaunti aelezwe kwanza. Leo ningefanya vile vile.

Kwa hivyo lile "hapana" langu silifuti, ila silisemi tena kwa jumla. Wabaki na uwezo wa kufunga, hata papo hapo. Kwa mwenye biashara, wamwachie asome ujumbe wa wateja wake, na rufaa yake isomwe na mtu anayejua Kiswahili. Wingi wa walioripoti usihesabiwe kuwa ushahidi, japo sina hakika kama ile picha ingeondoka upesi vile tungeripoti wawili watatu tu. Na kwa picha kama ile, wafunge kwanza. Hata wasipoeleza sababu, sitawadai.

Msomaji, Kibokoni, Mombasa