Neno nililolifunika

Mmeuliza wiki hii: mwanamke anayeomba hifadhi katika nchi ya watu, kikwazo chake kikubwa ni kipi? Niliwasomea swali majirani zangu hapa Langoni, Lamu, tulipokuwa tukingoja maji ya mfereji. Mmoja akasema kazi. Wa pili, ambaye mwanawe yuko Uingereza, akasema baridi. Wa tatu akasema lugha, na wote wakamuunga mkono. Nami nasema ni lugha, ila si kwa maana waliyoikusudia. Mimi nilimfasiria mwanamke tuliyesema naye lugha moja, na bado neno lake halikufika.

Ilikuwa 1992. Siad Barre, rais wa Somalia, alikuwa ameanguka Januari ya mwaka uliotangulia, na Wabajuni, watu wa pwani wenye lahaja yao ya Kiswahili, walikuwa wakija kwa mashua kutoka visiwa vya Somalia vya Chula, Chovai, Koyama na Ngumi, watoto na masufuria pamoja. Wengine walishukia Kiunga, wengine hapa Lamu, wengine wakaendelea hadi Malindi na Mombasa. Kwetu hawakuwa wageni hasa. Faza na Kizingitini, upande huu wa Kenya, ni miji ya Wabajuni pia, na mtu wa Chula hakosi mjomba huko. Ni mpaka tu uliowagawa, na mpaka wenyewe haukuwapo hapo zamani: Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, ambayo leo ni kusini mwa Somalia, mwaka 1925, ndugu wa damu wakaamka wana serikali mbili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza ninacho, na shirika moja lilitafuta wafasiri katika kambi ya pwani. Kibajuni changu ni cha kwa mamangu: najua kwamba mtu ni mchu na tatu ni chachu, na nikikosea nachekwa lakini nasikilizana nao. Nikachukuliwa. Hakuna aliyenifundisha kitu. Nilipewa kiti.

Dada yule aliingia hemani na ukili wake wa kusukia mkeka mkononi, miyaa imefungwa kitambaani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mjane. Hakuwa na kadi ya chakula yake mwenyewe. Alikuwa jina la sita chini ya shemeji yake, baada ya watoto wa shemeji. Na shemeji mwenyewe alisimama mlangoni pa hema, mgongo kwetu, kwa adabu. Kijana aliyeuliza maswali alikuwa Mkenya wa bara, mpole, hana neno baya. Akauliza jina, kijiji, lini mliondoka, mlipanda chombo cha nani. Dada anajibu na vidole vinasuka, hata haviangalii.

Kisha akaulizwa: watu wenye bunduki walipoingia kisiwani, wewe binafsi walikufanya nini?

Vidole viliendelea, tena kwa kasi zaidi. Akazungumza kwa muda mrefu. Alieleza nyumba, mlango, nani alikuwa ndani, mafuta ya taa yaliyomwagika. Mwisho akasema, "Wakanivunjia heshima, mimi na mwenzangu."

Mzaliwa yeyote wa pwani hii anajua alichokisema. Hakuna aliye na haja ya kufafanuliwa. Lakini yule kijana alinitazama akisubiri, kalamu juu, na mimi nilikuwa msichana ambaye sijaolewa, mbele ya mwanamume, na mwanamume mwingine mlangoni. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba waliwatukana. Akaandika. Mstari mmoja, haukufika hata ukingo wa karatasi.

Dada akautazama ukili wake, akaona ameruka miyaa. Akafumua kiasi cha shubiri nzima na kuanza upya.

Basi hilo ndilo jibu langu. Kikwazo kikubwa ni kwamba anatakiwa alitaje waziwazi jambo ambalo amelelewa maisha yake yote alisitiri, alitaje kwa mtu asiyemjua, siku ile ile anayoulizwa, na mbele ya jamaa. Kiswahili chetu kina hazina ya maneno ya kufunika: kuvunjiwa heshima, kuharibiwa, kuchafuliwa, kuchezewa, kufanyiwa ubaya. Ni maneno mazuri. Yamewaficha wanawake wengi wasinyooshewe vidole sokoni. Lakini ukiyavusha kwenda lugha nyingine bila ya kuyafungua, yanakuwa matusi ya mdomo, au mizaha, au hayawi kitu. Na ofisi haitoi hifadhi kwa sababu mtu alitukanwa.

Sheria nayo ilichelewa kumwona. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unataja sababu tano za mtu kuteswa: rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii na siasa. Jinsia haimo, mwanamke hulazimika kupenyezwa kupitia hilo "kundi la kijamii". Kenya, kwa haki yake, ilipotunga Sheria ya Wakimbizi ya 2006 iliongeza jinsia. Na mwaka 2002 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitoa mwongozo kwamba mwanamke ahojiwe peke yake, wanaume wa ukoo wasiwepo, muulizaji na mfasiri wawe wanawake bila yeye kuomba, na aambiwe kwamba anaweza kuwa na dai lake mwenyewe mbali na la mume au shemeji. Nilipousoma nilihisi kana kwamba mwandishi alikuwamo ndani ya hema letu. Ila ulikuja miaka kumi baadaye, na mwongozo ni karatasi. Mlangoni pa hema hasimamishwi nao mtu.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na hili linawahusu Wabajuni hasa. Wengine walifika Uingereza wakaomba hifadhi, na huko swali likawa: wewe ni Mbajuni wa Somalia au wa Kenya? Mwaka 2004 baraza la rufaa la uhamiaji la huko lilitoa uamuzi uliochambua suala hilohilo la nani anakijua Kibajuni na kwa kiasi gani. Watu walirekodiwa sauti, kampuni ya Sweden ikasikiliza na kuandika ripoti kuhusu msemaji ametoka wapi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilionya mwaka 2014 kwamba ripoti za namna hiyo zisivuke ujuzi wa anayeziandika. Sasa mfikirie mwanamke. Anapimwa kwa matamshi yake, na mpaka anaotakiwa kuuthibitisha kwa ulimi ni ule ule Waingereza waliousogeza wenyewe. Aje baada ya hapo alitoe lile neno gumu? Wengi hawalitoi. Wanalitoa mwaka wa pili au wa tatu, wakishamzoea mtu, na hapo wanaambiwa wamebadilisha hadithi. Kuchelewa kusema kunahesabiwa uongo. Kwetu, mwanamke asiyechelewa kusema jambo kama lile ndiye ambaye watu wangemtilia shaka.

Kambi za pwani zilifungwa miaka ya tisini. Shemeji alikuwa ameshaondoka na kadi, kwa hiyo dada alipokwenda kuuliza habari zake akajibiwa kwamba jina lake limeshasafiri. Jina limesafiri, mwenyewe yupo! Akarudi kwa jamaa Faza bila karatasi yoyote.

Tulikutana huko harusini, miaka mingi baadaye. Nilimjua kwa vidole kabla ya uso. Tulikula, tukaimba, na usiku, tulipokuwa tukiosha masahani, akaniuliza bila kunitazama, "Siku ile ulimwambia nini yule kijana?"

Nikamwambia kweli.

Akasuuza sahani, akaipanga. "Nilijua," akasema. "Mimi nilisema mengi, wewe ukasema kidogo, naye akaandika kidogo zaidi." Kisha akaniuliza miyaa Lamu inauzwaje siku hizi. Sikumwomba radhi usiku ule. Nilimwomba asubuhi, kwenye gati, naye akanipiga begani akasema, "Nenda mdogo wangu, mashua inakuacha." Hadi leo sijui kama huko ni kusamehe.

Mwaka jana mpwa wangu, anayekaa Malindi, alipata kazi ya kufasiri kwa simu. Wanawake wako nchi nyingine, mawakili wako nchi nyingine, yeye yuko chumbani kwake na vifaa vya masikioni. Alikuja Lamu kututembelea, nikamwuliza: mama akikwambia ameharibiwa, wewe utasemaje? Akaona haya, akacheka. Nikamwambia usicheke. Kwanza mwulize kwa upole, ana maana gani, usimkisie. Akishakwambia, nawe uliseme lote kwa jina lake. Na huwezi kulisema kwa Kiingereza kama hata kwa Kiswahili hujawahi kulitamka.

Tulikuwa jikoni, yeye juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Nikamwambia sema: kubakwa. Akasema kwa mnong'ono. Nikamwambia tena. Akasema tena, safari hii sauti ikatoka, na nazi ikamponyoka ikabiringika hadi kizingitini.

"Mnasema nini huko?" babake akaita kutoka barazani.

"Tunasoma Kiswahili, baba," akajibu.