Buyabesi ni supu gani? Maswali yenu na majibu

Nimekuta "bouillabaisse" kwenye menyu ya hoteli, ndo nini na inatamkwaje? (msomaji, Tanga)

Tamka buyabesi. Ni supu ya samaki ya Marseille, kusini mwa Ufaransa, inakuwa na samaki wa aina kadhaa, nyanya, kitunguu saumu, shamari, mafuta ya zeituni, na zafarani ndo inayoipa ile rangi.

Eti jina limetokana na mungu wa kike wa Warumi? (Mombasa)

Hapana, hiyo ni ngano tu, wanasema Venus alimpikia mumewe Vulcan supu hii alale fofofo. Jina ni la Kiprovansi, lugha ya huko kusini, bolhabaissa: bolhir ni kuchemka, abaissar ni kushusha, yani ikishachemka unashusha moto. Na asili yake ni wavuvi kabisa, wale samaki wa miambani wenye miiba kibao ambao sokoni hawana mnunuzi ndo walikuwa wanaishia kwenye sufuria ya mvuvi mwenyewe, na mi hapo ndo naipendea, manake leo mahotelini bei yake si mchezo wakati kilikuwa chakula cha mtu aliyebakiwa na samaki wasionunulika.

Kwa hiyo supu yoyote ya samaki mchanganyiko ni buyabesi? (Dar)

Sio yoyote. Mwaka 1980 wenye migahawa kadhaa wa Marseille waliandika mkataba kabisa, lazima wawemo samaki wasiopungua aina 4 kutoka kwenye orodha yao, na wakatwe mbele ya mteja. Supu inaletwa na mkate mkavu na rouille, sosi ya kitunguu saumu na pilipili, neno lenyewe maana yake kutu, sababu ya rangi. Wafaransa kwenye maongezi wanasema bouillabaisse hata kwa vitu vilivyochanganyika hovyo, sawa, ila kwenye menyu mtu analipa hela yake, apewe kitu chenyewe.

Nikiweka pweza na tui la nazi je? (Unguja)

Itakuwa tamu sana, ila usiiite buyabesi, huo ni mchuzi wetu na una heshima yake. Ukitaka ya kule tafuta chewa, changu na mkunga, wenye nyama ngumu watangulie, laini waje mwishoni, chemsha kwa nguvu mpaka mafuta yashikane na supu alafu ndo ushushe moto.