Kabila hurudi siku ya mirathi

Swali la wiki linauliza kama mji wenye makabila mengi unampa mwanamke uhuru kuliko kijijini kwao. Mimi naishi Ngarenaro, Arusha, na jibu langu ni ndiyo, mpaka mume afariki.

Mtaani kwetu kabila halina nguvu kubwa. Mrangi wa Kondoa amepanga kwa Mpare, Mwiraqw ananunua mkaa kwa Mmasai, na kwenye kikoba chetu mtu haulizwi katokea wapi, anaulizwa hisa. Kule Uchagani kihamba, yaani shamba la ukoo, humwendea mtoto wa kiume. Hapa mjini wanawake wamefungua magenge ya mboga, wamechangia kununua viwanja na waume zao, na hilo nalithamini sana.

Lakini mume akifa, maiti inasafirishwa kwao, Rombo au Mbulu, na baada ya matanga ukoo unakaa kikao. Ukienda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi unadaiwa muhtasari wa kikao hicho. Nilimsindikiza jirani yangu, mke aliyetoka kabila jingine. Wazee walizungumza kilugha kwa saa nyingi, yeye akiokoteza neno moja moja, kisha akaambiwa kwa Kiswahili kwamba msimamizi wa mirathi ni shemeji yake. Kiwanja cha Muriet, kilichonunuliwa kwa fedha za genge lake, kikaitwa mali ya ukoo na watu ambao hawajawahi kukikanyaga. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinamweka binti nyuma ya kaka zake, na mjane zinamwacha aangaliwe na watoto wake. (Mjane wa Kiislamu anayerithi kwa sheria ya dini ana fungu linalojulikana, thumni kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha.) Kinachonikera zaidi ni kwamba aliyeachika ana pa kushika kuliko aliyefiwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mjane aliyevumilia ndoa hadi mwisho anabaki kuomba huruma ya ukoo.

Kwa hiyo, dada zangu, mkienda ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishiana mauziano ya kiwanja, majina yawe mawili. Cheti cha ndoa kiwekwe salama, na wosia uandikwe mume angali mzima. Jina lako likiwemo, ukoo utajadili fungu la mume tu.

Nanyi waheshimiwa mahakimu, kabla ya kupokea muhtasari wa ukoo, muulizeni mjane mambo mawili: je, alikuwepo kikaoni, na je, alielewa lugha iliyozungumzwa?