Maswali na Majibu: Vyuo Vikishirikiana Kutafiti UPR

Wiki hii wahadhiri na wanafunzi wameuliza kuhusu UPR (Universal Periodic Review), utaratibu ambao nchi zote 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa hupitiwa na wenzao kuhusu haki za binadamu.

Data tuipate wapi?

Mzunguko wa kwanza wa mapitio ulianza Aprili 2008, na kila nchi inapopitiwa huwa na nyaraka tatu: ripoti ya serikali, mkusanyo wa taarifa za vyombo vya Umoja wa Mataifa, na muhtasari wa ripoti za wadau wengine. Zisomeni zote. Shirika la UPR Info la Geneva nalo lina hifadhidata ya mapendekezo ambayo nchi inayopitiwa hupewa na wenzake.

Mimi mwanasheria, mwenzangu wa chuo kingine mtakwimu. Tunabishana namna ya kuainisha mapendekezo. Nani yuko sahihi?

UPR Info hutumia kipimo cha ngazi tano alichobuni Edward McMahon wa Chuo Kikuu cha Vermont, kinachopima hatua inayotakiwa kwa kufuata kitenzi cha pendekezo. "Endeleeni" ni ngazi ya pili, "fikirieni" ya tatu, "imarisheni" ya nne, "ridhieni mkataba" ya tano. Ugomvi huzuka kwenye "fikirieni kufuta adhabu ya kifo": mwanasheria anaona kufuta, mtakwimu anaona kufikiria. Kwa kipimo hiki, ni ya tatu. Andikeni kanuni zenu kwanza, kisha kila mmoja aainishe mapendekezo yaleyale bila kuchungulia ya mwenzake. Mnapotofautiana, rekebisheni kanuni. Ila msiamue kwa cheo! Profesa akishinda kwa uprofesa wake, data imeharibika.

Nchi ikikubali pendekezo, tuhesabu limetekelezwa?

Hapana. Hiyo ni ahadi. Utekelezaji utafuteni kwenye sheria, bajeti na hukumu.

Fedha za mradi ziko kwetu. Wenzetu wa nchi inayotafitiwa wanakusanya mahojiano tu. Ni haki?

Si haki, na utafiti wenyewe unaumia. Wao ndio wanaojua kama sheria iliyosifiwa kwenye mapitio Geneva inafuatwa kituo cha polisi. Washirikisheni tangu kuunda swali la utafiti, majina yao yawe kwenye makala wakiridhia, na usalama wao ujadiliwe mapema, kwa sababu nyinyi mtaondoka, wao watabaki.

Tunaweza kupeleka ripoti yetu wenyewe kwenye UPR, kama wadau?

Mnaweza, hata bila hadhi ya ushauri, yaani kutambuliwa rasmi na Umoja wa Mataifa kama shirika la kushauriana nalo. Ripoti ya taasisi moja isizidi maneno 2,815. Ya pamoja 5,630. Tarehe ya mwisho ya kuipeleka hutangulia kikao cha kuipitia nchi kwa miezi kadhaa, kwa hiyo iangalieni kabla hamjagawana sura.