OpenCore Mpya, Mashine Imestaki: Usifanye Nilichofanya Mimi

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Isevya, Tabora. "Kaka shikamoo. Nimeapdeti OpenCore, mashine inawaka, inaandika mstari mmoja, inaganda. Kesho nina kazi ya mtu. Nifanyeje?" Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe mwaka jana, ila mimi sikuwa na wa kumtumia.

Mnaopita hapa mnajua Hackintosh ni nini, siwapotezei bando. Kompyuta ya kuunga, umenunua kila kipande kwake, halafu unaiendesha kwa macOS, mfumo wa kompyuta za Apple. OpenCore ndiyo inayosimama mlangoni: inawaka kabla ya mfumo, inauaminisha mfumo kwamba hapa ni kwa Apple, kisha inaukabidhi usukani. (Ndiyo, leseni ya Apple inasema macOS ni ya kompyuta zao tu. Naijua. Siku nikiweza kununua Mac Pro tutaongea.)

Yangu niliiunga mwaka 2021, hapa Mwanga, Kigoma. Prosesa Core i5-10400, ramu 16, kadi ya picha RX 580 iliyokwishatumika niliyotafutiwa Kariakoo ikaja kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Fundi mmoja wa mbali alinielekeza kwa WhatsApp, nikamlipa laki moja na nusu. Mashine ilipowaka nikakaa kwenye kiti nikaiangalia tu, kama mtu aliyepata mtoto. Video za harusi za Ujiji, send-off za Gungu, ubatizo, maulidi, vyote vimepita humo ndani.

Kilichonifanya niiguse ni kiburi, acha niseme ukweli. Kuna mwenzangu mwenye studio hapa mjini, aliwahi kusema mbele ya wateja kwamba ninachotumia ni "Mac ya kubandika". Watu wakacheka. Neno lile liliniuma, na bado linaniuma ninapoandika hapa. Nikataka macOS mpya zaidi ya ile aliyokuwa nayo yeye kwenye laptopu yake ya dukani. Na ukitaka kupandisha macOS, kwanza unapandisha OpenCore na keksti zake, vile vipande vidogo vya programu vinavyoiwezesha macOS kuelewana na vifaa vya mashine yako. Hiyo sehemu nilikuwa naijua.

Siku niliyochagua sasa! Ijumaa usiku. Jumamosi jioni video ya send-off ilitakiwa ionyeshwe ukumbini kwenye sherehe. Mama wa bibi harusi anauza dagaa Kibirizi, ameshalipa nusu, ameshatangazia ukoo mzima. Video ilibaki kutolewa tu kama faili la mwisho. Nikasema ngoja niiapdeti haraka, dakika kumi.

Nikafungua sehemu ya EFI kwenye diski, ile iliyofichwa, ambako OpenCore inakaa. Nikafuta OpenCore.efi na BOOTx64.efi za zamani, nikaweka mpya. Nikazima, nikawasha. Mstari mmoja ukatokea kwamba OpenRuntime haiendani, basi. Nikabonyeza kila kitu kwenye kibodi. Nikazima, nikawasha. Mstari uleule.

Kosa lilikuwa hili, na ndilo kosa la kijana wa Isevya: OpenCore si faili moja, ni familia. OpenCore.efi na BOOTx64.efi zinatoka pakiti moja na OpenRuntime.efi iliyoko kwenye folda ya Drivers. Ukibadilisha mbili ukaiacha ya tatu ya zamani, zinaweza zisielewane na mashine ikakaa palepale. Zinaingia zote kwa pamoja, kutoka pakiti moja, au haiingii hata moja.

Hilo ni dogo kulirekebisha ukiwa na bakapu. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa nimefuta!

Saa sita usiku nikampigia yule fundi. Simu haikupokelewa. Nikamwandikia, tiki moja. Asubuhi ndipo nilipogundua amenibloku, na sijui hadi leo nilimkosea nini. Laki moja na nusu yangu alikula bila kunibloku.

Nikaazima laptopu ya mdogo wangu ya Windows. Nikanunua bando, nikashusha pakiti nzima, nikaandaa flashi kwa FAT32, nikaweka folda ya EFI. Config.plist, lile faili la mipangilio ya OpenCore, sikuwa nayo mkononi, yangu imefungiwa kwenye diski ya mashine iliyoganda, ikabidi nichukue Sample.plist iliyokuja na pakiti, nikaibadilisha jina. Jamani, msifanye hivyo! Ile ni mfano, haikuandikwa kwa ajili ya mashine ya mtu yeyote. Kwanza ilikataa kuwaka kwa sababu Vault, kinga ya faili za OpenCore, imewekwa Secure. Nikaitafuta chini ya Misc, Security, nikaandika Optional. Namba za utambulisho ndani yake ni za bandia, zimejaa sifuri. Keksti zilizoorodheshwa nyingi sina. Saa tisa usiku nilikuwa nimekaa sakafuni, mbu wananila, nasoma mistari nisiyoielewa, na najiambia yule jamaa wa studio alisema kweli.

Halafu nikakumbuka kitu. Mwaka 2021 fundi aliniomba nimtumie config.plist yangu aikague. Nilimtumia kwa WhatsApp. Nikapandisha mazungumzo juu, juu, juu, kupita salamu za Idi na risiti ya malipo, nikaikuta. Faili langu, na namba zangu zote ndani. Aliyenibloku ndiye aliyenitunzia bakapu bila kujua.

Lakini lilikuwa faili la zamani, na OpenCore hubadilisha mpangilio wa config mara kwa mara. Ndani ya pakiti, kwenye folda ya Utilities, kuna kifaa kinaitwa ocvalidate, cha Windows kipo pia. Unakipa config yako, kinakusomea makosa moja baada ya jingine. Yangu ilitoa orodha ndefu mpaka nikaona aibu. Kubwa lilikuwa la draiva: zamani ziliorodheshwa kwa majina matupu, lakini tangu toleo 0.7.3 kila draiva ina kisanduku chake chenye njia ya faili na alama ya kuiruhusu. Nikafungua Sample.plist upande mmoja na langu upande wa pili kwenye ProperTree, programu ya kuhariri faili za plist, nikawa nahamisha kimojakimoja: kilichoongezwa nikaongeza, kilichofutwa nikafuta, namba zangu sikuzigusa. Keksti nikaziapdeti zote, Lilu ikiwa ya kwanza kwenye orodha maana WhateverGreen (ya picha) na AppleALC (ya sauti) zinaitegemea.

Adhana ya alfajiri ikanikuta ocvalidate imenyamaza, haina kosa. Nikachomeka flashi, nikabonyeza F12 (kwenye bodi nyingine ni F8 au F11), nikachagua flashi, nikafuta NVRAM (kumbukumbu ndogo inayoshika mipangilio ya kuwasha), nikawasha tena. Tufaha likatokea. Sikupiga kelele, mdogo wangu alikuwa amelala.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi: ukiwa ndani, andika diskutil list kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri, uone EFI yako iko wapi, yangu ilikuwa disk0s1, kisha sudo diskutil mount disk0s1, unahamisha folda kutoka kwenye flashi. Video niliifikisha ukumbini saa kumi jioni. Mama alinilipa yote na dumu dogo la mawese juu yake, na yule wa studio alikuwepo, alikula pilau kimya.

Sasa nyie vijana nisikilizeni, maana naona mnavyokimbilia namba mpya kama wanaokimbilia siti za treni. Toleo jipya linaenda kwenye flashi kwanza. Likiwaka kwenye flashi siku mbili tatu, ndipo liingie kwenye diski. Flashi ya elfu kumi inakushinda nini na umeshanunua kadi ya picha ya laki kadhaa? Na usiguse EFI ukiwa na kazi ya mtu mezani. Narudia: usiguse. Tena Apple wenyewe wameshasema macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel, hivyo hizi mbio zina ukomo. Ukifika toleo linalokufanyia kazi, kaa hapo ule matunda yake.

Kijana wa Isevya nilimwelekeza atengeneze flashi, aweke OpenRuntime ya pakiti ileile. Saa sita na robo usiku akanitumia picha ya skrini, diski zake zimejipanga. "Kaka Mungu akubariki sana." Nikamuuliza kama ameshanakili hiyo EFI mahali pengine.

"Kesho kaka," akajibu.